Sweta la Diwani ni Hela ya Nani?

Bajaji ilijaa pale Kabwe, ikaanza kuelekea Uyole. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ile ya kuingia mpaka kwenye mifupa, na mama aliyekaa katikati yetu alikuwa amepakata mfuko wa masweta ya shule, ya bluu, bado yananukia dukani. Mawili ya wajukuu zake, matatu ya watoto wa jirani. "Diwani wetu Mungu amzidishie," alisema bila kuulizwa. "Mwaka jana madaftari, mwaka huu masweta."

Kijana aliyekaa upande wa pili akacheka kidogo. "Mama yangu, hizo ni hela zetu hizo. Halmashauri inatukamua ushuru, yeye anakuja kugawa kama vyake."

Dereva naye, macho barabarani, akaweka la kwake: "Lakini si ana fungu lake la kusaidia watu? Kama lile la mbunge."

Tunapita Nane Nane ubishi ulikuwa bado mbichi. Mama alishuka amenuna, amekumbatia masweta yake kama vile kuna mtu anataka kumnyang'anya. Mimi nilinyamaza, ingawa nilijua kwamba watu wote watatu walikuwa na kipande cha ukweli, na kwamba kipande cha dereva ndicho kilichokuwa kidogo kuliko vyote. Makala hii ni majibu niliyopaswa kuyatoa mle ndani ya bajaji.

Tuanze na mwenyewe. Diwani ni mtu aliyechaguliwa na wananchi wa kata moja, kwa miaka mitano, akawasemee kwenye halmashauri. Kata ni mkusanyiko wa vijiji, au wa mitaa kama ni mjini. Jiji la Mbeya lina kata 36, Manispaa ya Iringa 18. Halmashauri ndiyo serikali yenyewe ya wilaya, mji, manispaa au jiji: ina mkurugenzi, ina watumishi, ina akaunti benki. Madiwani wakikaa pamoja wanakuwa Baraza la Madiwani, na baraza ndilo linalopitisha bajeti. Wapo pia madiwani wa viti maalumu, ambao ni wanawake. Hawa hawana kata ya kuchaguliwa, lakini barazani wana sauti.

Kisha kuna mtu ambaye wengi humchanganya na diwani, naye ni Mtendaji wa Kata. Huyu ni mwajiriwa. Mhuri unakaa kwake, barua za utambulisho zinapita kwake, mafaili anayo yeye. Katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wengi tunaiita WDC, diwani ni mwenyekiti na mtendaji ni katibu. Kwa hiyo ukienda ofisi ya kata ukamkuta kijana wa miaka thelathini na kitu nyuma ya meza yenye mhuri, huyo siye uliyempigia kura. Uliyempigia kura pengine yuko shambani kwake anapalilia viazi, maana udiwani hauna saa za kazi.

Sasa hela. Njia rahisi ya kulielewa jambo hili kila mtu wa huku anaijua. Msiba ukitokea mtaani, anateuliwa mtu wa kushika daftari. Majirani wanakuja mmoja mmoja, huyu elfu mbili, huyu elfu tano, huyu debe la mahindi, naye anaandika. Mshika daftari mwenyewe ni jirani kama wengine, kwa hiyo anachomoa elfu kumi yake na kujiandika jina. Hapo mtu mmoja ana hela za aina mbili mkononi. Ile elfu kumi ni yake, ukimshukuru ni uungwana wako. Zile za daftari ni za wote, na jioni atasimama asome: zimeingia ngapi, jeneza ngapi, mchele ngapi, zimebaki ngapi. Akinunua jeneza kwa hela za daftari halafu akatangaza kwamba jeneza amelitoa yeye, wazee hawatagombana naye mbele ya wafiwa. Ila msiba unaofuata daftari atapewa mwingine.

Diwani yuko kwenye nafasi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba daftari la halmashauri ni nene, na kalamu haishiki yeye, inashikwa na mkurugenzi na watu wake wa fedha. Yeye na madiwani wenzake ndio wanaoamua ukurasa upi uandikwe nini, na ndio wenye haki ya kuuliza mwisho wa siku ya msiba.

Mfuko wa shati

Dereva wa bajaji alikosea hapa. Mbunge kweli ana mfuko: Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, una kamati yake na mbunge ndiye mwenyekiti. Hata huo si wa kugawia watu mikononi, ni wa miradi ya jimbo. Diwani hana cha namna hiyo. Hakuna "fungu la diwani" halmashauri, hakuna hundi ya kata ya kusaidia yatima, hakuna sanduku. Diwani hana hata mshahara. Ana posho ya mwezi na posho za vikao. Kwa halmashauri nyingi zenye mapato madogo, hiyo posho ya mwezi imekuwa ikilipwa na Serikali Kuu tangu mwaka wa fedha 2021/22, kwa sababu ilifika mahali madiwani walikuwa wanadai miezi.

Diwani mmoja ninayefahamiana naye, wa wilaya ya jirani, aliwahi kunipa simu yake nisome ujumbe wa asubuhi moja. Ilikuwa haijafika saa mbili. Mmoja anaomba nauli ya kumpeleka mkewe Hospitali ya Rufaa. Mwingine, mtoto amefaulu kwenda kidato cha tano shule ya bweni, hana godoro wala sanduku. Wa tatu ni mwenyekiti wa kwaya, wana tamasha. Wa nne ameandika maneno mawili tu: "Mheshimiwa, msiba." Akaniambia, "Huyo wa nne ndiye siwezi kumkwepa. Nikikosa msiba mmoja nitakumbushwa mpaka uchaguzi." Kisha akacheka, lakini si kicheko cha raha.

Ndiyo maana mimi sikubaliani na wanaosema kila msaada wa diwani ni maigizo. Wapo wanaouza debe la mahindi lao ili mtoto wa mtu avae viatu. Wapo wafanyabiashara wa mbao Mafinga au wa mchele Ubaruku ambao walikuwa wakisaidia watu kabla hawajafikiria siasa, na udiwani ulikuja baadaye kama shukrani. Msaada huo ni halali na una baraka zake. Lakini tuuite jina lake: ni hisani ya mtu binafsi. Ana haki ya kutoa leo na kukosa kesho, na anayekosa hawezi kumshtaki popote. Hivyo basi, kumwambia diwani "ni wajibu wako kunilipia ada" ni kumuonea. Kisheria hilo halimo kwenye kazi zake.

Mara nyingine mfuko si wa shati wala wa halmashauri, ni wa wadau. Diwani anabisha hodi kwa mfanyabiashara, kanisa, kiwanda, au anafungua taasisi yake. Taasisi ya namna hiyo inatakiwa isajiliwe, kwa mfano chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, na ikishasajiliwa ina daftari lake na mahali pa kupeleka taarifa zake. Masweta ya yule mama yalitoka hapo, nilikuja kujua baadaye: duka moja la vitambaa lilitoa, diwani akagawa. Si hela ya ushuru, na si hela ya diwani pia. Alichotoa diwani ni miguu yake na jina lake, na hicho nacho si kitu kidogo.

Daftari la halmashauri

Kijana wa kwenye bajaji alikuwa anazungumzia kitu kingine kabisa, nacho ni mapato ya ndani. Haya ni yale ambayo halmashauri inakusanya yenyewe: ushuru wa masoko, leseni, stendi, na huku kwetu zaidi sana ushuru wa mazao. Lori la mbao likitoka Mufindi, parachichi likitoka Njombe, mpunga ukitoka Mbarali, kuna asilimia inabaki. Tangu 2017 ushuru huo ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mnunuzi ndiye anayelipa, lakini kila mkulima anajua kwamba mnunuzi huwa ameshaipiga hesabu hiyo kwenye bei anayompa.

Katika mapato hayo, sheria imetenga asilimia 10 kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilikuwepo kama maagizo kwa miaka mingi, lakini iliwekwa ndani ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa mwaka 2018 ili isitegemee huruma ya mtu. Chukulia halmashauri iliyokusanya bilioni 5. Milioni 500 ziende kwenye mikopo: 200 kina mama, 200 vijana, 100 wenye ulemavu. Hapo hakuna diwani wa kushukuriwa kwa kutoa. Kuna maswali ya kuuliza: zimetoka zote? Zimeenda kwa nani? Zimerudi?

Hili la kurudi ndilo linalouma. Kwa muda mrefu watu walizichukua kama zawadi, wengine wakaziita hela za chama, wengine hela za uchaguzi. Vikundi vikaundwa asubuhi, vikapata mkopo mchana, jioni havipo. Aprili 2023 Serikali ikasimamisha mikopo hiyo nchi nzima baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonyesha mapungufu, na ikarudi 2024 ikiwa na utaratibu mpya. Mkopo wa asilimia 10 unafanya kazi kama kikoba: ukila fungu lako usirudishe, mwenzako wa zamu inayofuata ndiye uliyemla. Nilikaa na kina mama wa kikundi kimoja cha batiki pale Iringa waliosubiri karibu mwaka mzima wakati wa zuio. Hasira yao haikuwa kwa Serikali. "Sisi tulirejesha mpaka senti," alisema mweka hazina wao, akipiga vidole juu ya leja. "Waliokula wanatusalimia barabarani, Kamwene, Kamwene, kama hawajafanya kitu."

Diwani anahusikaje hapo? Anaweza kuwaeleza watu utaratibu, kuwasukuma waandike katiba ya kikundi, kuwapeleka kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na kusimama barazani kuuliza kwa nini kata yake haijapata. Kuandika majina mezani kwake si kazi yake. Ukisikia "jina lako nimelipitisha mimi," ujue kuna kitu hakijakaa sawa.

Kaya za TASAF

Hapa ndipo uvumi ulipo mwingi kuliko ukweli. Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini uko chini ya TASAF, mfuko wa Serikali Kuu ulioanza mwaka 2000. Mpango wenyewe wa ruzuku kwa kaya ulianza 2012 na awamu iliyofuata ikazinduliwa Februari 2020. Neno la msingi ni kaya, yaani watu wanaopika chungu kimoja, hata kama nyumba ni mbili. Walengwa hutambuliwa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa, mbele ya watu, kwa kutajana. Wanajamii wenyewe ndio wanaojua nani analala njaa na nani anajifanya.

Kwa hiyo diwani hawezi kukuingiza TASAF, na hawezi kukutoa kwa sababu hukumpigia kura. Anayeamini hivyo humwogopa bure. Lakini nisiwe kama naeleza mambo ya peponi: mkutano wa hadhara unaweza kuhudhuriwa na watu thelathini kati ya mia tano, ndugu wa mwenyekiti wakawa kumi na watano. Wenye shida kubwa ndio wasioweza kuja, ajuza mgonjwa, mtu asiyeona, mama aliyejifungua juzi. Kilio cha "wanajuana wale" mara nyingi chanzo chake ni mkutano uliokosa watu, na dawa yake iko kwenye mkutano unaofuata. Kijiji kwa sheria kinatakiwa kuwa na mkutano mkuu kila miezi mitatu, na mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18.

Huku kwetu kaya za namna hii zina sura yake. Utafiti wa taifa wa viashiria vya VVU wa 2022 hadi 2023 ulionyesha Njombe ikiwa na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Dawa zimewarudishia watu uhai, tushukuru, lakini miaka ya kabla ya dawa iliacha bibi wengi na wajukuu wengi chini ya paa moja. Yule mama wa masweta hakusema wazazi wa wale wajukuu wako wapi, na hakuna mtu kwenye bajaji aliyeuliza.

Kwa watoto wa aina hiyo sheria haikuachia hisani. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio ndani ya eneo lake. Yupo Afisa Ustawi wa Jamii kwa ajili hiyo. Ada ya shule ya Serikali ilifutwa kuanzia Januari 2016 hadi kidato cha nne, na kwenye 2022/23 ikafutwa kidato cha tano na sita. Ambacho hakikufutwa ni sare, daftari, na ule mchango wa chakula cha mchana unaopangwa kwenye kikao cha wazazi, na ndipo mtoto anapokwama, getini, kwa elfu chache. Ndipo pia diwani mwenye moyo anapoingia mfukoni. Matibabu nayo: CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, ilipangwa kuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Nimeona diwani akizilipia kaya kadhaa kadi hizo kimya kimya, bila kamera, na kwa hesabu zangu huo ulikuwa msaada wenye akili kuliko kilo tano za unga zinazoisha Ijumaa.

Kuhusu kamera nina neno, na anayeona nimekosea anisamehe. Mtoto wa darasa la nne amesimama mbele ya bango, ameshika daftari mbili, nyuma yake watu wazima kumi wanatabasamu. Kesho picha iko kwenye kila simu ya mtaa. Mwaka mzima wenzake watamwita mtoto wa msaada. Kutoa kwa siri mbona tunakujua? Huku Unyakyusa bibi akipewa kitu hupokea kwa mikono miwili, anainama kidogo, anasema "ndaga fijo", asante sana, na yameisha.

Elfu moja ya mtoto

Nimeliweka hili mbali kidogo kwa sababu ndilo ninalotaka ulibebe. Nyanda za Juu Kusini ni ghala. Mahindi, viazi, ndizi, maharage, maziwa, parachichi, samaki wa Ziwa Nyasa pale Kyela. Hata hivyo utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta Iringa asilimia 56.9 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, Njombe 50.4. Taifa zima ni 30. Yaani ukiwapanga watoto kumi wa Iringa, zaidi ya watano ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka, kwa sababu miili yao ilikosa kitu mapema.

Udumavu haufanani na njaa, na ndiyo maana hauonekani. Mtoto anashiba. Anakula uji wa mahindi asubuhi, ugali mchana, ugali usiku, na mama yuko shambani kwake au kwenye mashamba ya chai tangu alfajiri, kwa hiyo anayemlisha ni dada yake wa miaka tisa. Chakula kipo, kinachokosekana ni mchanganyiko na mtu wa kukaa naye.

Diwani akija na mifuko ya unga wa lishe kumi akaigawa, amefanya wema, na watoto kumi watakula wiki mbili. Sasa sikia upande wa pili. Halmashauri zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa mwaka, kutoka mapato ya ndani, kwa ajili ya shughuli za lishe. Chukulia halmashauri yenye watoto 30,000: hizo ni milioni 30, za elimu kwa wazazi, za siku za afya na lishe za vijiji, za kuwafuatilia watoto waliopungua uzito. Huo ukurasa wa daftari diwani anao haki ya kuufungua. Anaweza kusimama barazani na kuuliza swali moja: "Mkurugenzi, ile elfu moja ya mtoto imetoka yote? Kata yangu imefika?" Swali hilo halihitaji posho wala mdau wa vitambaa, na likijibiwa vizuri limewalisha watoto wengi kuliko mifuko yote ya unga atakayoinunua kwa miaka mitano.

Lakini swali halipigwi picha. Hakuna anayemwimbia diwani kwa kuuliza swali. Nadhani hapa wananchi nasi tuna sehemu yetu: tunampima diwani kwa uzito wa kiroba alichobeba, halafu tunashangaa kwa nini zahanati haina dawa.

Hilo hilo liko kwenye maboma. Wananchi wanajenga darasa mpaka kwenye linta, diwani anachangia mifuko ishirini ya saruji, na boma linasimama hapo misimu mitatu likinyeshewa kwa sababu fedha za kuezeka hazikuingizwa kwenye bajeti. Saruji alitoa, hongera. Bati je, alizipigania kwenye kikao cha bajeti?

Maafa yana mlango wake. Aprili 2024 tope liliporomoka kutoka Mlima Kawetere likafunika nyumba za watu katika kata ya Itezi hapa Mbeya, na kila mwenye huruma alitaka kupeleka blanketi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati mpaka ngazi ya kijiji na mtaa, ili msaada uandikwe na usiwafikie watu wale wale mara tatu. Diwani mwenye busara huupitisha msaada wake humo, hata kama jina lake litasomwa la kumi na saba.

Takrima

Kuna umri wa msaada ambao kila mtu anaujua: unazaliwa miezi minne kabla ya kura na kufa siku matokeo yanapotangazwa. Nchi hii iliwahi kuuruhusu. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya 2000 yaliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, vyakula, vinywaji, kanga. Mstari kati ya ukarimu na rushwa ukawa mwembamba kuliko uzi wa sindano. Mashirika matatu ya kiraia yakaenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikaviona vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, kwa sababu mgombea maskini hana cha kukirimu. Kisha ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inayokataza zawadi za kushawishi kura.

Hii haimaanishi kwamba diwani aliyepo madarakani aache kusaidia watu uchaguzi ukikaribia. Anayelea yatima tangu mwaka wa kwanza wa kipindi chake hawezi kuwaambia wasile mwaka wa tano. Kinachotazamwa ni kama msaada ulikuwepo kabla, kama umebebeshwa sharti, na kama umefuatana na daftari la kuandika namba za vitambulisho. Hilo la mwisho mzee mmoja wa Tukuyu alilieleza vizuri kuliko wanasheria: "Mtu anayenipa chumvi haniulizi kadi yangu."

Juzi nilipita ofisi ya kata yangu kwa jambo jingine kabisa, barua ya utambulisho. Nje kuna ubao wa matangazo, wa mbao, umepigwa misumari ukutani. Karatasi ya mapato na matumizi ya robo mwaka ilikuwepo, imelowa pembe moja kwa mvua, tarakimu za safu ya mwisho zimefifia. Nilikuwa nimeinama naisoma nikasikia mtu ananipumulia begani. Alikuwa mama mmoja mwenye kikapu cha mboga, akaniuliza kama hiyo ndiyo orodha ya wanaopata masweta. Nikamwambia hapana mama, hii ni ya hela. Akasogea karibu. "Basi nisomee," akasema. "Anzia juu."